Daftari la kupima mambo kabla ya kuamua: mazoezi gani vijana watayafanya kweli?

DadaWaKijiweni (Morogoro)
Wadau, habari za jioni. Kila Jumapili nakaa na vijana 14 wa kijiwe cha bodaboda, tunajifunza kupima jambo kabla ya kuamua. Sasa nawaandalia daftari la mazoezi. Lilianza kwa uchungu: mdogo wangu alisaini mkataba wa pikipiki, hesabu 10,000 kwa siku kwa miezi 14. Kuinunua taslimu ilikuwa milioni 2.8. Zidisheni: siku 420, milioni 4.2. Akili anazo, ila hakuna aliyemkalisha na kalamu kabla hajasaini.

Zoezi lililowagusa zaidi ni la mkeka wa kubeti, ule unaolipa timu zote zikishinda. Timu 5, kila moja ina nafasi 7 kwa 10 ya kushinda. Karibu wote walisema basi mkeka nao ni 7 kwa 10. Tukazidisha 0.7 mara tano, ikaja kama 17 kwa 100. Kijiwe kikanyamaza. Jumatatu wakabeti kama kawaida! Nifanyeje zoezi litoke Jumapili liingie barabarani?

MzeeChaki
Binti yangu, punguza maelezo. Kabla ya kulipia mkeka, au kumkopesha mtu, kijana aandike tarehe na uhakika wake: 6 kwa 10, 9 kwa 10. Mwisho wa mwezi mhesabu yale ya 9 kwa 10, mangapi yametimia? Mwandiko ni wake, hana wa kubishana naye.

Baharini_MSA
Ongeza lile zoezi la namba la mwanasaikolojia Peter Wason, alilichapisha 1960. Waambie 2, 4, 6 zinafuata kanuni; wataje tatu nyingine, wewe ujibu ndiyo au hapana hadi waijue. Wengi watataja 8, 10, 12, halafu 20, 22, 24, waape kuwa ni kuongeza mbili. Kumbe kanuni ni namba zinazopanda tu, hata 1, 5, 90 inapita. Wanatafuta ndiyo, hawajaribu namba ya kuwakosoa. Nililifanya na wanangu, kisha nikamuuliza mkubwa: uliponunua ile simu ya mtumba, uliuliza swali gani ambalo jibu lake lingekufanya uiache? Hakuwa nalo.

DadaWaKijiweni
Shikamoo Mzee. Maelezo nimeyakata, kurasa 4 nzima. Kila ukurasa sasa una safu mbili, “nadhani” na “ilivyokuwa”, na daftari ni dogo la kuingia mfuko wa koti. Baharini, swali la simu nimelihamishia kwenye mkataba: “Nikisikia nini kwa mwenye pikipiki, sisaini?” Kuna kijana anasaini Jumatano. Sisubiri Jumapili, kesho asubuhi namfuata kijiweni na kalamu.

MzeeChaki
Marahaba. Mwulizeni mwenye pikipiki injini ikifa mwezi wa 10 wa malipo nani anatengeneza, na jibu liandikwe humohumo kwenye mkataba.