Mwenye mwalo aruhusiwe kuvua? Tujadili soko la kampuni kubwa za teknolojia

Mleta mada (fundi simu, Mwanga, Kigoma)
Wakuu, jana kijiweni tulibishana mpaka kahawa ikapoa, nikaona nilete huku. Kampuni ikishajenga soko ambalo hata wapinzani wake hawana budi kuuzia humo, je, ikatazwe kuuza bidhaa zake mle ndani? Mimi nasema ikatazwe.

Chukua Apple. Julai 2008 ilifungua App Store, soko la programu za iPhone, ikiwa na programu kama 500, na wauzaji wakamiminika, wakiwemo Spotify, wanaosikilizisha watu muziki mtandaoni. Mwaka 2015 Apple ikaleta huduma yake ya muziki, Apple Music, kwa dola 9.99 kwa mwezi. Spotify nao bei yao ilikuwa hiyohiyo, ila ukijiunga kupitia iPhone ulilipa 12.99, kwa sababu mwenye soko alikuwa anakata asilimia 30. Yeye mwenyewe hajikati! Mwishowe Spotify wakaacha kuuza usajili kwa njia hiyo. Machi 2024 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ikaitoza Apple faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8, kwa kuwazuia wauza muziki kuwaambia wateja kuwa nje kuna bei nafuu.

Fikiria mwenye mwalo hapa Kibirizi anatoza kila mtumbwi, mitumbwi yake inapita bure, halafu ole wako useme mwalo wa pili dagaa ni rahisi.

Wakala wa miamala, Ujiji
Kaka, umesahau nani alifyeka pori. Zamani kumtumia mama hela kutoka Dar ilikuwa kubembeleza kondakta, ukaomba Mungu bahasha ifike. Vodacom walipoingiza M-Pesa nchini mwaka 2008, walihangaika kumfundisha mtu namba ya siri ni nini. Waliofuata walikuta watu wameshafundishwa. Leo kibandani kwangu nina laini za mitandao tofauti na zote zinanilisha. Aliyelima ukimnyima mavuno, nani atalima tena?

Mwalimu, Kasulu
Na tegemeo haliendi upande mmoja. Netflix wamepanga kwenye kompyuta za Amazon, na Amazon huyohuyo anaonyesha filamu zake kupitia Prime Video. Samsung anamuuzia Apple vioo, kisha wanagombania wateja wa simu. Mwaka 2022 Google ilimlipa Apple dola bilioni 20 ili iwe ndiyo ya kutafutia kwenye Safari, kivinjari cha Apple. Hilo lilitajwa kwenye kesi mahakamani Marekani. Hao ni majirani wanaoazimana chumvi.

Mleta mada
Mwalimu, hao wote ni matajiri. Netflix akinuniwa anaweza kuhama, japo kwa gharama. Mtengeneza programu wa Kigoma atahamia wapi?

Ila wakala amenisogeza kidogo, nakiri. Mitandao yetu ilianza kukubaliana kupokeana fedha mwaka 2014, Vodacom wakaingia 2016, na M-Pesa haikufa kwa kufungua mlango. Kwa hiyo nalegeza: auze, lakini ushuru uwe mmoja kwake na kwa wengine, na asichungulie daftari la mpangaji. Hili la daftari ndilo baya kuliko asilimia 30. Anaona kipi kinatoka, kwa bei gani, msimu upi, kisha anatoa cha kwake. Desemba 2022 Amazon iliiahidi Tume ya Ulaya kwamba haitatumia taarifa za siri za wauzaji wa sokoni mwake kushindana nao. Mtu haahidi kuacha jambo ambalo halikuwa likilalamikiwa.

Muuza dagaa, Kibirizi
Nyie mnabishana ushuru. Mimi ushuru ningelipa. Nilikuwa na ukurasa kwenye mtandao mmoja, miaka mitatu natuma dagaa na mawese hadi Dodoma na Mwanza. Asubuhi moja nimeamka, ukurasa umefungwa. Hakuna wa kumpigia, kuna fomu tu, nikajaza mpaka nikachoka. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na namba ya mteja hata mmoja, wote tulikuwa tunaongea mlemle. Kumbe hawakuwa wateja wangu.

Wakala wa miamala, Ujiji
Dada, hapo umenishika. Na mimi nimefungua daftari langu hapa, nina miamala ya miaka, majina ya watu hayazidi kumi. Mengine yote yako kwenye mfumo wao. Ngoja nimhudumie huyu mzee, nikirudi nitamuuliza mleta mada: hiyo sheria yake inasema wateja ni wa nani?