Mrejesho: Mpwa wangu na ndoto yake ya baleti

Ndugu zangu, nimerudi. Niliuliza kama binti wa dada yangu, hapa Kampala, amechelewa kuanza baleti, na kama kazi hiyo inaweza kumlisha mtu. Asanteni sana kwa majibu.

Lililomtia nguvu ni habari za Misty Copeland: alianza akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kufika daraja la juu kabisa la wachezaji katika American Ballet Theatre, kundi maarufu la baleti la huko. "Mjomba, miaka 13 kama mimi!" akaruka.

Mwalimu tumempata. Viatu vya kusimamia ncha za vidole bado hajamruhusu. Alimwambia ashike mgongo wa kiti, ainuke taratibu kwa mguu mmoja, kifundo kikatetemeka. "Hiki kwanza kipate nguvu." Nimempenda kwa hilo, maana mifupa ya mtoto bado inakua, na ncha ya kiatu kile ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizokaushwa kwa gundi, ngumu kwelikweli. Tena hakidumu: wachezaji wakubwa huweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja.

Kuhusu riziki, dada amekataa katakata aache shule, nami namuunga mkono. Wengi hutoka jukwaani kabla ya miaka 40, na jeraha moja laweza kuwatoa mapema zaidi. Vitabu vinaendelea, na Jumamosi ni ya baleti.