Naomba ushauri: maabara hii ni mzabuni au mbia wa ruzuku?

Habari za kazi wakuu. Mimi ni mhasibu wa miradi kwenye chuo kikuu hapa Dar. Tuna utafiti wa malaria kwa ruzuku ya serikali ya Marekani, na kuna maabara ya Mwanza itakayopima sampuli. Profesa anataka niiweke kama mzabuni, yaani muuzaji wa huduma tu: ankara ikija, tunalipa, basi. Mbia wa ruzuku ni yule anayefanya sehemu ya utafiti wenyewe kwa fedha za ruzuku.

Nimesoma kanuni ya Marekani ya ruzuku, 2 CFR 200.331. Inasema kinachoangaliwa ni kazi yenyewe, si jina la mkataba. Kupima tu kwa bei ile ile wanayotoza kila mteja ni uzabuni, sina ubishi. Tatizo, daktari wao ndiye aliyeandika nusu ya dodoso, atachambua data, na jina lake litakuwa kwenye makala. Huyo si mbia?

Halafu kuna gharama za uendeshaji za chuo, yaani asilimia ambayo chuo kinatoza ruzuku. Kwa mbia zinakokotolewa kwenye dola 50,000 za kwanza tu (zamani 25,000). Kwa mzabuni, kwenye kiasi chote. Profesa hajaliona hilo, anakimbia makaratasi tu.

Waliowahi kugawa mikataba miwili kwa taasisi moja, mmoja wa uzabuni na mwingine wa ubia, mkaguzi alikubali?