Mrejesho: Binti amepata nafasi ya utarishi Seneti ya Washington

Wapendwa, niliwauliza kama binti yangu anayesoma sekondari hapa Kent, jimbo la Washington, Marekani, anaweza kuomba utarishi (kazi ya kupeleka ujumbe) kwenye Seneti ya jimbo, kule Olympia, mji mkuu wa jimbo, wakati sisi hatumjui mwanasiasa hata mmoja. Amekubaliwa! Namshukuru Mungu, na asanteni sana mlionitia moyo.

Wanachukua vijana wa miaka 14 hadi 16, wiki moja moja, Bunge likiwa kwenye kikao. Lazima uwe na mdhamini, na kwa kawaida ni seneta wa eneo unaloishi. Kufahamiana si sharti. Inatakiwa pia ruhusa ya mzazi na ya shule kwa maandishi.

Barua ya maombi aliandika mwenyewe. Mjomba wake alitaka ajaze sifa za kila aina, lakini yeye akaeleza tu kwamba humtafsiria bibi yake hospitalini, na sasa anataka kuona sheria za afya zinavyotungwa. Naamini hapo ndipo alipowagusa.

Kazi yao ni kupeleka nyaraka na ujumbe maofisini na ukumbini, na kuna darasa ambako huandaa miswada ya mazoezi. Posho ipo. Mwenye kijana wa umri huo aanze mapema, kikao hufunguliwa Januari.