Inveta ya sola inajizima jua likiwa kali, naombeni ushauri

Habari wakuu. Nina mashine ya kusaga na kukoboa kijijini, mwisho kabisa wa laini ya umeme, transfoma iko mbali. Nimefunga sola ya kilowati 10, fezi tatu, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe kama wa gridi) ya kuungana na gridi, yaani laini ya umeme ya kawaida, haina betri. Mashine zikisimama mchana, umeme wa sola unarudi kwenye laini na volti zinapanda kutoka 230 hadi 260 na zaidi. Inveta inajitoa, inasubiri, inarudi, inajitoa tena. Mota ikiwashwa nayo, volti zinaporomoka, yale yale. Gridi ikikatika, inveta nayo inazima, ndiyo basi, jua lote linapotea bure.

Fundi mmoja anasema nipanue mipaka ya volti kwenye inveta, ili isijitoe mapema. Friji za majirani zikiungua nitamjibu nani? Mwingine ananiuzia stebilaiza, wakati anayepandisha volti ni sola yangu mwenyewe!

Nafikiria kuizuia isirudishe umeme kwenye gridi, au kuhamia inveta ya haibridi (inayotumia sola, gridi na betri kwa pamoja) na betri za lithiamu. Aliyefanya hivyo kwenye laini dhaifu, betri zinahimili mota ikianza kuzunguka? Au nianze na kifaa cha kuwasha mota taratibu?