Naomba ushauri: vitabu vya watoto kusoma likizo hii ya mwezi wa sita

Habari zenu wakuu, niko Uyole hapa Mbeya, nina watoto wawili, wa kike yuko darasa la tano na kaka yake kidato cha pili. Shule ndo zinafungwa na baridi ya huku mnaijua, ikifika saa kumi na moja jioni wote wako jikoni wamelizunguka jiko la mkaa na simu yangu wanagombania.

Juzi nimemkuta binti anasoma gazeti lililofungiwa maandazi, limelowa mafuta mpaka herufi za nyuma zinaonekana, na bado analigeuza kutafuta mwendelezo, kwa kweli iliniuma sana. Mtoto anataka kusoma ila ndani hamna kitu zaidi ya vitabu vya masomo.

Nimezunguka Mwanjelwa, nakuta vya kiada na maswali ya mitihani tu. Huyu mkubwa nawaza nimwanzishie Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951 ile, ni fupi na hoja zake nzito, ila naogopa lugha itamshinda akaachia njiani. Au nianze na hadithi za upelelezi kwanza? Na mdogo je, Kiswahili tu au nichanganye na Kiingereza chepesi?

Bajeti ni elfu 40. Walioko Iringa, Njombe au Dar mnaojua duka linalotuma kwa basi naombeni mnielekeze, hata vilivyotumika nachukua ilimradi kurasa zimetimia.