Gari la umeme: nichaji kila usiku hadi ijae au nisubiri ishuke? Na boksi la ukutani lina faida?

Mikindani Pwani
Wakuu, habari za jioni. Nimepata gari la umeme na nataka betri inidumu. Nyumbani tunabishana. Mmoja anasema lichajiwe kila usiku mpaka lijae, kama simu. Mwingine anasema niache ishuke karibu na sifuri ndipo nichaji, eti betri isije ikazoea. Katikati yao kuna fundi anayenishauri ninunue boksi la ukutani la kuchajia la ampea 32, kwa madai kwamba waya wa kuchomeka kwenye soketi unachaji polepole na uzembe huo unaua betri. Gharama ya boksi na kulifunga si ya mchezo, na korosho hazijaingia mnadani. Ijumaa namjibu. Nichague lipi?

Fundi wa Ligula
Gari gani? La mwaka gani? Betri ya uniti ngapi? Kwa siku unakwenda kilomita ngapi? Nyumba ina ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini)? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

KusiKaskazi
Na la sita: seli za aina gani? Kama ni LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), zile zilizomo kwenye BYD nyingi, volti yake haibadiliki sana kuanzia asilimia 20 hadi 90, kwa hiyo gari linapata shida kujua limebakiza kiasi gani. Ndiyo maana Tesla huwashauri wenye LFP wajaze mpaka 100 angalau mara moja kwa wiki, kompyuta ipate pa kuanzia hesabu. Kama ni seli za nikeli na manganizi, ushauri unageuka. Ukichanganya hayo mawili unaharibu.

Chikongola Juu
Nunua LFP ulale usingizi. Nimemaliza.

Fundi wa Ligula
Ameshanunua, Chikongola. Soma uzi.

Mikindani Pwani
Samahani wakuu. Ni Nissan Leaf ya 2016, betri ya 30 kWh (uniti 30), imetoka Japani. Vijiti vya afya ya betri ni 11 kati ya 12. Muuzaji aliipima kwa LeafSpy, ile programu ya simu ya kusoma betri ya Leaf, SOH (afya ya betri) asilimia 81. Naishi Mikindani, kazi mjini, kwa siku kama kilomita 24 kwenda na kurudi pamoja na mizunguko. Jumamosi nakwenda Lindi. Ethi fundi anasema ipo.

KusiKaskazi
Sasa tunaongea. Hiyo si LFP, na haina mfumo wa kupoza betri. Joto linaloingia linatoka lenyewe kwa wakati wake, na betri yenyewe inakaribia kilo 300, kwa hiyo linatoka kwa saa nyingi, si dakika. Hapo ndipo pa kuanzia.

Habari ya betri kuzoea ni ya betri za nikeli na kadimiamu, zile za redio za mkononi za zamani. Lithiamu haizoei. Kinachoizeesha ni vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja: joto, na muda inaokaa imejaa. Seli iliyojaa inakaa juu ya volti 4.1, ikiwa nusu iko karibu na 3.8. Volti ikiwa juu, kimiminika kilichomo ndani kinaendelea kuliwa kidogo kidogo na utando ulio juu ya kaboni unazidi kunenepa, na lithiamu inayonaswa humo hairudi tena kazini. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, kasi ya uzee inakaribia kuwa mara mbili. Sasa fikiria gari limejaa 100 tangu saa sita usiku, asubuhi linaanikwa juani Januari ya Mtwara mpaka jioni, halafu usiku linajazwa tena. Hata lisipotembea linazeeka.

Kushusha mpaka sifuri nako hakuna faida. Seli 192 hazilingani, ziko jozi 96 zimefuatana, na iliyo dhaifu ndiyo inayofika chini kwanza. Ukiliacha gari kwenye asilimia 3 wiki mbili, seli hiyo inaweza kushuka mahali ambapo haiponi.

Hesabu yako: SOH 81 inakuachia kama uniti 23 za kutumia. Leaf kwa mwendo wa kawaida inakwenda kilomita 6 kwa uniti moja, ukiwasha AC inapungua. Kilomita 24 ni uniti 4, yaani asilimia 17. Kwa hiyo kila usiku huna sababu. Chaji usiku mmoja, ruka mmoja: 80 ikishuka mpaka 46, irudishe 80. Leaf za mwanzo zilikuwa na mpangilio wa kuishia 80. Kama yako haina, tumia taima ya gari. Waya wa ampea 10 kwa volti 230 unavuta kilowati 2.3, na inayofika kwenye betri ni kama 2. Uniti 8 ni saa nne. Weka ianze saa saba usiku ikome saa kumi na moja alfajiri, ndipo hewa imepoa na betri imeshapumzika na joto la barabarani.

Chikongola Juu
Saa nne kila baada ya siku mbili? Hata jiko la umeme linashinda hilo. Boksi la 32 la nini sasa?

Fundi wa Ligula
Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Mwanzisha uzi, chaja yenyewe imo ndani ya gari. Boksi la ukutani ni swichi yenye akili: linaliambia gari "hapa ruksa ampea kadhaa", kisha linafunga umeme. Leaf yako ya Japani chaja yake ya ndani haipiti kilowati 3.3, ambazo ni ampea 14 na kitu. Ukifunga boksi la 32 litakaa ukutani linatazama. Zaidi ya nusu ya uwezo wake hutaiona kamwe kwa gari hilo.

Na polepole haiui betri. Kilowati 3.3 kwenye betri ya 30 ni kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake kwa saa, betri haihisi kitu. Kinachoichosha ni chaja za haraka za kilowati 50, hasa mbili au tatu mfululizo safarini kwenye gari lisilo na kipoza.

Kitu cha kununua: waya wa kubebeka wenye kichwa cha pini tano, ulioandikwa volti 100 hadi 250, na uwe na kitufe cha kuchagua ampea 6, 8, 10, 13. Ule uliokuja na gari kutoka Japani soma kibao chake kwanza. Kama umeandikwa 200 tu, usiuchomeke kwenye 230 yetu kwa kubahatisha. Kisha soketi ya peke yake: waya wa mm 4 kutoka kwenye DB (boksi la breka), sakiti breka ya ampea 20, RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya milliampea 30 aina ya A, na mwisho soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16. Hiyo ya bluu imetengenezwa kubeba mzigo usiku kucha. Soketi ya plagi ya pini bapa tatu ukiilazimisha ampea 13 kwa saa nane unaitafutia ajali.

Msimbati Sola
Mnampeleka mbali. Jua lote hili! Aweke paneli, achaji mchana bure.

Fundi wa Ligula
Mchana gari liko kazini mjini.

Msimbati Sola
Jumapili je?

Fundi wa Ligula
Jumapili sawa. Lakini mwambie yote. Gari halikubali chini ya ampea 6, hiyo ni kilowati 1.4 bila kushuka. Wingu likipita na huna betri nyingine ya kushika, inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uwe kama wa nyumbani, iwe ya mawimbi safi. Na inveta nyingi ndogo nyutro yake inaelea, haijafungwa na ethi, kwa hiyo waya wa kuchaji unapima, unaona hakuna ethi, unawasha taa nyekundu na kugoma. Watu wanarudisha waya dukani wakidhani ni mbovu.

Dada Rahaleo
Naomba nirudi kwenye soketi, maana watu wameisoma haraka. Hapa Lindi kuna gari la umeme lililokuwa likichajiwa kwenye soketi ya kawaida ya ukumbini, soketi pacha, upande wa pili kuna friji. Waya ulikuwa umewekwa ampea 13. Miezi miwili mambo yalikuwa sawa. Wa tatu, saa ya tatu ya kuchaji, nyumba ikaanza kunuka samaki. Plastiki ya soketi ikiungua hunuka hivyohivyo, na Lindi nani atashtuka kwa harufu ya samaki? Walikwenda kuangalia jikoni. Walipogeukia ukumbini plagi ilikuwa imenata ukutani, pini ya laini imebadilika rangi na kuwa ya kahawia.

Ilipofunguliwa, sababu ilikuwa skrubu moja. Aliyefunga hakuikaza vizuri, na chumvi ya bahari ikaingia mpaka shaba ikawa na ukungu wa kijani. Mguso mbovu ukizuia umeme kwa nusu ya nusu ya omu tu mambo yameharibika. Chukua omu 0.2: kwa ampea 13 ni wati 34 za joto kwenye sehemu ndogo kama ukucha. Kwa ampea 8 ni wati 13. Fyuzi ya plagi haikukatika kwa sababu umeme haukuwahi kupita 13, na breka hivyohivyo. Hakuna kilichokosea isipokuwa mguso. Kwa hiyo kwa watu wa pwani: kila baada ya miezi mitatu zima meni, fungua soketi, kaza skrubu, kata ncha ya shaba iliyooza. Na usiku wa kwanza baada ya nusu saa shika plagi kwa mkono. Vuguvugu sawa. Ikikufanya uondoe mkono, shusha ampea au acha kabisa.

Chikongola Juu
Anunue ile gadi ya friji, inakata yenyewe.

Dada Rahaleo
Gadi ya friji inatazama volti, haitazami joto la skrubu. Na nyingi ni za ampea 5. Gari litaipika.

KusiKaskazi
Nimesahau kitu kuhusu hiyo SOH 81. Leaf za 30 kWh zilikuwa na kasoro ya programu ya kompyuta ya betri: ilikuwa ikihesabu uwezo chini kuliko uliopo. Nissan walitoa marekebisho 2018. Gari lililotoka Japani bila kuwekewa linaweza kuonyesha betri imechoka kuliko ilivyo. Usiamini namba moja. Pima kwa matumizi: jaza, tembea mpaka 20, angalia uniti zilizotumika. Na ukiwa chini ya asilimia 30 fungua ukurasa wa seli kwenye LeafSpy. Zikipishana milivolti 20 au 30 usijali. Moja ikiwa imeachwa na wenzake kwa 100 na zaidi, hiyo ndiyo itakayokuzimia njiani.

Bandari Zamani
Mwezi mara moja lazima ijazwe 100 seli zisawazike. Hilo halina mjadala.

KusiKaskazi
Lina mjadala. Leaf inasawazisha hata ikiwa 70, unaona kwenye LeafSpy seli zinazopunguzwa zimebadilika rangi.

Bandari Zamani
Inasawazisha kidogo. Juu ndiko inakoona vizuri nani kazidi nani.

KusiKaskazi
Hata hivyo Jumamosi ataijaza kwa ajili ya Lindi, kwa hiyo tunagombania kitu ambacho atakifanya. Toka Mikindani mpaka Lindi ni karibu kilomita 100, uniti 16 hadi 17, zaidi ya asilimia 70. Ukiondoka na 80 unaingia Mingoyo, kabla ya Lindi, roho mkononi. Jaza 100, ila weka taima imalize saa kumi na mbili asubuhi unapoondoka, isimalize saa nane usiku ikakaa imejaa. Ikijaa na kuondoka hapohapo haina ubaya.

Fundi wa Ligula
Na kurudi je? Hapo hatujauliza. Unalala Lindi au unarudi siku hiyohiyo?

Mikindani Pwani
Narudi jioni. Nachaji kwa shemeji.

Fundi wa Ligula
Basi jibu la boksi limehama. Uniti 16 kwa waya wa ampea 10 ni saa nane. Ukifika saa tatu asubuhi unaondoka saa kumi na moja jioni, na huko hakuna kuchomoa kwenda sokoni. Kwa ampea 14 gari linapokea karibu uniti 3 kwa saa, saa tano na nusu. Soketi ya bluu na boksi dogo la 16 vina maana Lindi, si Mikindani. Nyumbani ampea 8 zinakutosha mpaka gari lizeeke.

Chikongola Juu
LUKU ya shemeji nani analipa? Uniti 16 za betri, mita inasoma kama 18 na nusu. Mara Jumamosi nne ni 74. Kama yuko kwenye kundi la uniti 75 kwa mwezi, la Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi, wewe peke yako umelimaliza. Kila anachowasha yeye kinamtoa nje ya kundi.

Bandari Zamani
Hahaha, shemeji atafungua uzi wake.

Mikindani Pwani
Hilo nitaongea naye. Nimefungua soketi ya hapa nyumbani kama Dada Rahaleo alivyosema, nimezima meni kwanza. Picha hiyo. Skrubu zimekaza. Ila kuna kipande kifupi cha waya kinatoka tundu la nyutro kwenda tundu la ethi, na waya wa kijani umekunjwa nyuma haujafungwa popote. Fundi wangu alisema siku ya kwanza taa ya waya wa kuchaji ilikuwa nyekundu, akairekebisha. Ni sawa?

Fundi wa Ligula
Si sawa. Usichaji leo. Hapo hakuna ethi, ni nyutro imevalishwa jina la ethi ili waya wa kuchaji udanganyike. Siku nyutro ikikatika kabla ya soketi hiyo, bodi la gari linakuwa na umeme, na mtu wa kwanza kuligusa akiwa peku ndiye atakayejua. Toa hicho kipande. Kisha fuata waya wa kijani mpaka nje uniambie unaishia wapi: kuna rodi ardhini au hakuna?

Mikindani Pwani
Giza limeingia. Naangalia kesho asubuhi.